Jikoni kwa Lares au hekaluni kwa Isis? Ulinganisho kwa anayetaka kuabudu kama Mrumi

Katika magofu ya Pompeii ipo nyumba inayoitwa Nyumba ya Makupido wa Dhahabu. Ukifika kwenye ua wake, penye bustani na nguzo, utakuta mahali pawili pa ibada. Upande wa kaskazini kimesimama kijihekalu cha miungu wa nyumbani, kidogo kama kabati. Kona ya kusini mashariki, ukutani, wamechorwa wageni kutoka Misri: Anubis mwenye kichwa cha bweha, Harpocrates aliye mtoto, Isis, na Serapis. Kutoka hapa hadi pale ni hatua chache. Mwenye nyumba angeweza kufukiza ubani huku, akakatiza bustani, akafukiza na kule kabla moshi wa kwanza haujatawanyika.

Naipenda nyumba hiyo kwa sababu inaivuruga hadithi tuliyoizoea, ile ya Mrumi aliyechoshwa na miungu baridi ya mababu akakimbilia dini za Mashariki zenye ngoma na siri. Hakukimbia popote. Ibada ya nyumbani ilikuwa kama ukoo: unazaliwa ndani yake, unaolewa ukaikuta, au unanunuliwa sokoni ukapelekwa kwake. Ya kigeni ndiyo uliyokwenda kuitafuta kwa miguu yako, na uliitafuta kwa sababu kuna kitu nyumba haikukupa. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, usijiulize uache ipi. Jiulize uongeze ipi, na itakugharimu nini.

Basi tuseme ni mwaka 70 BK na umehamia Pompeii. Tetemeko la mwaka 62 limeacha nyufa, mafundi bado wanapandisha kuta, na mlima Vesuvius uko kimya. Unataka kuishi kama wenyeji. Twende kwanza jikoni.

Ya nyumbani

Tafuta kidaka ukutani, mara nyingi karibu na meko au uani. Ndani yake au juu yake wamechorwa vijana wawili wanaocheza, kanzu fupi zikipepea, kila mmoja ameinua pembe ya kunywea na divai inaruka kwa upinde hadi kwenye chombo alichoshika mkono wa pili. Hao ndio Lares. Katikati yao amesimama mtu wa toga aliyejifunika kichwa, akimimina kinywaji juu ya madhabahu: huyo ni Genius, ile nguvu ya uhai na uzazi ya baba mwenye nyumba. Chini yao nyoka anajongea madhabahu kwenda kula sadaka. Mchoro mzuri kuliko yote, kwa macho yangu, uko katika nyumba ya akina Vettii, na haukuwekwa sebuleni kwa wageni. Uko katika ua mdogo wa huduma, jirani na jiko, pale walipopita watumwa na masufuria.

Pamoja na hao kuna Penates, walinzi wa akiba ya chakula ghalani, na Vesta, ambaye ni moto wenyewe wa meko.

Msomaji wa Kiswahili atasema upesi: hii ni mizimu ya ukoo, na huku ni kutambika. Kutambika ni neno linalofaa kabisa kwa kitendo chenyewe. Kwenye mizimu ningesita kidogo. Lares hawana majina ya babu yeyote, ni vijana tu wasiozeeka, na Warumi wenyewe walibishana asili yao ni nini. Wafu walikuwa na kalenda yao. Kuanzia tarehe 13 hadi 21 Februari watu walikwenda makaburini na vitu vidogo: maua, chembe za chumvi, mkate uliolowekwa katika divai. Tarehe 22 walio hai walikutana kula pamoja, na aliyekuwa na kinyongo na nduguye alitarajiwa kukiacha nje ya mlango.

Halafu kuna Lemuria, usiku wa tarehe 9, 11 na 13 Mei, ambapo wafu wasiotulia walirudi ndani ya nyumba. Mshairi Ovid ametuachia namna yake. Usiku wa manane baba mwenye nyumba anaamka, hana viatu. Anapenyeza kidole gumba katikati ya vidole vingine ili asikutane na kivuli njiani. Ananawa. Anachukua maharage meusi, anageuza uso, anayatupa nyuma yake akisema kwamba kwa maharage haya anajikomboa yeye na watu wake. Anasema hivyo mara tisa bila kugeuka, maana nyuma yake kuna anayeokota. Kisha ananawa tena, anagonganisha vyombo vya shaba, na kuwaambia mara tisa: enyi wazee wa kwetu, tokeni. Ndipo anapogeuka. Hakuna kasisi, hakuna hekalu, hakuna malipo. Ni maharage ya ghalani kwake na mtu mmoja peku gizani, wengine wote wamelala.

Hapo ndipo ibada ya nyumbani inaposhinda zote kwa bei. Chembe ya ubani, tone la divai, shada la maua, unga na chumvi. Mshairi Horace alimtuliza mwanamke wa shamba aitwaye Phidyle kwamba mkono usio na zawadi kubwa unatosha, maana Penates huridhishwa hata kwa unga na punje za chumvi zinazopasukapasuka motoni. Chumvi ile ikialika kwenye makaa ndiyo sala imefika.

Na haikuli muda wako, kwa sababu imo ndani ya mambo unayofanya hata hivyo. Katika chakula cha jioni, meza ya kwanza ikishaondolewa, watu wananyamaza. Sehemu iliyotengwa inapelekwa mekoni na kutiwa motoni, kisha mtoto anatangaza kwamba miungu wako radhi, na vitamutamu vinaletwa. Chakula kikikuponyoka mkononi kikaanguka, hupulizi vumbi ukala. Kinarudishwa mezani na baadaye kinachomwa kwa ajili ya Lar, yaani mmoja wa Lares. Pliny Mzee ameliandika hilo kama jambo la kawaida kabisa. Mvulana akifikia utu uzima anavua bulla, hirizi aliyoivaa shingoni tangu uchanga, anaitundika kwa Lares. Bibi harusi anakuja na sarafu tatu: moja mkononi kwa mumewe, moja aliyoificha kiatuni anaiweka mekoni kwa Lares wa nyumba mpya, ya tatu anaipeleka njia panda ya mtaa. Kwa sarafu hizo ameingia nyumbani, ameingia mtaani.

Ila usidanganywe na harufu ya ubani. Ibada hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni baba. Cato, katika kitabu chake cha kilimo cha karne ya 2 KK, anamwelekeza mke wa nyapara wa shamba: kila usiku kabla ya kulala afagie meko yawe safi, tarehe mosi ya mwezi, siku ya Nonae (ya tano au ya saba ya mwezi), siku ya Idus (katikati ya mwezi) na siku za sikukuu atundike shada mekoni na kumwomba Lar wa nyumba ajaze neema. Lakini katika maelekezo hayohayo anamkataza kufanya ibada yoyote kwa hiari yake, au kumtuma mtu amfanyie, bila amri ya bwana au bibi, na anamkumbusha kwamba bwana ndiye anayewaabudia watu wote wa nyumba. Nyapara mwenyewe anaonywa asiende kwa wapiga ramli, waaguzi, wala Wakaldayo wasoma nyota. Cato hakuwa akihofia roho ya nyapara. Alihofia mtu wa pembeni mwenye sauti ndani ya shamba lake.

Cheo kilionekana hata kwenye sufi. Wakati wa Compitalia, sikukuu ya Lares wa njia panda katikati ya majira ya baridi, kila nyumba ilitundika vitu vya sufi usiku: kikaragosi kimoja kwa kila mtu huru, mpira mmoja kwa kila mtumwa. Mtu huru alipewa umbo la mtu. Mtumwa alipewa mpira. Hata hivyo Lares wa njia panda walikuwa wa watumwa na watu wa chini kuliko walivyokuwa wa wakubwa, na Augustus aliliona hilo vizuri sana. Mwaka 7 KK aliipanga upya Roma katika mikoa 14, akawapa mitaa Lares wake na Genius wake mwenyewe wawaabudu pale pale njia panda. Wasimamizi wa madhabahu hizo wengi walikuwa watumwa walioachwa huru, na wasaidizi wao watumwa. Mtawala aliingia kwenye ibada ya jikoni kwa mlango wa uani, na watu walimshukuru.

Za kutoka nje

Neno "kigeni" lenyewe lina mtego, na mfano wa kwanza ni Mama Mkuu, Cybele. Huyu hakuja kwa kunyapia. Serikali ilimwalika. Mwaka 205 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago, akiwa bado Italia, vitabu vya utabiri vya Sibylla viliposomwa ilionekana kwamba adui atashindwa Mama akiletwa kutoka Asia Ndogo. Akaletwa mwaka 204 KK, katika umbo la jiwe jeusi, akapokewa Ostia na Publius Scipio Nasica, na mwaka 191 KK hekalu lake likafunguliwa juu ya kilima cha Palatino, katikati ya mji mtakatifu. Tarehe 4 hadi 10 Aprili ilikuwa michezo yake, na wakubwa walialikana karamu.

Sasa angalia upande wa pili wa jambo hilohilo. Makasisi wake, galli, walijihasi, walivaa mavazi ya rangi, walipita mitaani na matari na filimbi wakiomba sarafu. Raia wa Kirumi alikatazwa kuwa mmoja wao. Yaani Roma ilimtaka mungu mke na ikaogopa watu wake. Kwa anayechagua, maana yake ni hii: michezo utaitazama bure, ila ukitaka kuingia ndani kabisa, utalipa kwa mwili wako na uraia haukuruhusu. Kama unayo mali, njia nyingine zilifunguka baadaye, pamoja na kafara ya fahali, ambayo ilihitaji kwanza uwe na fahali. Kwa mtu wa kawaida huyu ni mungu wa kumpigia makofi akipita.

Isis ni habari tofauti, na hapa ningekaa.

Hekalu lake Pompeii liko nyuma ya jumba la michezo ya kuigiza, ni dogo, na mwaka 70 pengine bado lina harufu ya chokaa. Tetemeko lililiangusha, likajengwa upya tangu msingi. Maandishi ya mlangoni, yaliyofukuliwa katika miaka ya 1760, yanasema aliyelijenga kwa fedha zake ni Numerius Popidius Celsinus, na kwamba baraza la mji, kwa ukarimu wake huo, lilimpokea kuwa mjumbe bila ada, ingawa alikuwa na umri wa miaka sita. Mtoto wa miaka sita hajengi hekalu. Fedha ni za baba yake, Ampliatus, ambaye kwa kila dalili alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na kwa hiyo sheria ilimfungia kiti cha barazani maisha yake yote. Mwanawe, aliyezaliwa huru, haikumfungia. Baba alijitaja kwa maneno machache tu nyuma ya jengo, kwenye sanamu ya Bacchus, mungu wa divai. Lares wa nyumba yake wasingempa hayo kamwe, angewamiminia divai kila usiku mpaka afe.

Ibada yenyewe ni ya kila siku. Asubuhi pazia jeupe linafunguliwa, moto unawashwa, maji yanamiminwa, waumini wanamtazama mungu uso kwa uso. Mchoro mmoja uliotoka Herculaneum, ambao sasa uko jumba la makumbusho la Napoli, unaonyesha ibada ya maji: juu ya ngazi amesimama kasisi aliyenyoa kichwa, amevaa kitani nyeupe, amekumbatia chombo kwa mikono iliyofunikwa na nguo ili ngozi isikiguse, chini wanaume na wanawake wamepanga safu mbili, wanapiga manyanga ya shaba, mtu mmoja anapepea moto wa madhabahu, ndege aina ya ibis wanatembea sakafuni kana kwamba wako kwao. Maji hayo yalihesabiwa kuwa ya mto Nile. Juvenal, mshairi aliyekuwa na ulimi mchungu kwa kila mtu na kwa wanawake zaidi, alimdhihaki mama ambaye Isis akimwagiza atakwenda mpaka Meroe, katika Sudan ya leo, kuchota maji ya kunyunyiza hekaluni, na ambaye wakati wa baridi huvunja barafu ya mto Tiber alfajiri na kujitosa mara tatu. Punguza chumvi ya mshairi, bado unabaki na jambo la kweli: Isis alikutaka wewe, mwili wako, asubuhi yako. Lar hakukutaka kitu ambacho hukuwa nacho mezani.

Sikukuu yake kubwa ni tarehe 5 Machi. Waumini wanaandamana hadi pwani na kusukuma majini merikebu mpya iliyopambwa na kujazwa manukato, na tangu siku hiyo bahari imefunguliwa. Anayejua kungoja kaskazi au kusi hahitaji kuelezwa kwa nini mabaharia walimpenda mungu huyu.

Gharama? Hapo uwe macho. Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 kutoka Madauros katika Algeria ya leo, anasimulia mtu aitwaye Lucius aliyeingizwa katika siri za Isis. Ni kisa cha kubuni, lakini mwandishi anajua njia. Siku kumi bila nyama wala divai, kuoga, joho la kitani, usiku mmoja ndani ya hekalu ambao anakataa katakata kuusimulia. Kisha anakwenda Roma, anaambiwa bado kuna hatua ya pili, ya Osiris, na fedha zimekwisha. Anauza nguo zake. Baadaye inakuja ya tatu, na hata yeye anaanza kujiuliza kama makasisi wale wanamchezea.

Mithras, mungu mwingine wa kutoka nje, nitampitia haraka, kwa sababu mwaka 70 utamkosa: dalili zake Italia zinaanza mwishoni mwa karne ya 1, na Pompeii haijatoa pango lake hata moja. Subiri kidogo, hamia Ostia. Huko katika karne mbili zinazofuata yatakuwepo mengi, vyumba virefu vya giza vyenye mabaraza pande mbili na mwishoni picha ya Mithras akimchinja fahali. Katika pango linaloitwa la Felicissimus, sakafu ya vijiwe inaonyesha ngazi saba za kupanda, kuanzia Kunguru hadi Baba, kila moja na alama zake. Wanaume peke yao. Watu wachache, wanaojuana, wanakula pamoja, na mifupa ya kuku imefukuliwa kwa wingi katika mapango hayo. Kilichonivutia mimi ni nani aliketi barazani: askari, ndiyo, lakini pia watumwa na walioachwa huru, kama wale wa ofisi ya ushuru huko Poetovio, ambayo sasa ni Ptuj katika Slovenia. Mtu aliyekuwa mali ya mwingine kutwa, jioni angeweza kuwa Simba, mojawapo ya ngazi zile saba.

Ipi inakuweka hatarini?

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau wanapolinganisha. Jikoni hakuna askari anayekuja. Kwa mamia ya miaka hakuna aliyeuawa kwa kumpa Lar wake unga. Nje ni bahati nasibu, na bahati hubadilika na mtawala.

Mwaka 186 KK zamu ilikuwa ya Bacchus. Kijana Publius Aebutius alitaka kuingizwa katika mikutano ya usiku. Mpenzi wake Hispala Faecenia, mwanamke aliyeachwa huru, akamkataza kwa hofu, habari zikamfikia konsuli, mmoja wa watawala wakuu wawili wa mwaka, na Seneti ikaitikia kwa kishindo. Mwanahistoria Livy anataja watu zaidi ya 7,000 waliohusishwa, na waliouawa walikuwa wengi kuliko waliofungwa. Amri yenyewe imesalia kwenye bamba la shaba lililopatikana Tiriolo, kusini mwa Italia, mwaka 1640. Ukiisoma kwa utulivu utaona haimpigi marufuku Bacchus. Inaruhusu ibada kwa kibali cha Seneti, mradi wasizidi watu watano, wanaume wawili na wanawake watatu, wasiwe na mfuko wa fedha wa pamoja, wasile kiapo kati yao. Mungu hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa hazina, kiapo, na mkutano ambao baba yeyote mwenye nyumba hakuuongoza. Ni hofu ileile ya Cato juu ya nyapara wake, sasa imekuwa kubwa kama dola.

Isis naye alipigwa na kuinuka. Mwaka 50 KK Seneti iliamuru mahali pake pa ibada Roma pabomolewe, na mafundi wakaogopa kugusa. Konsuli Lucius Aemilius Paullus akavua joho lake la cheo, akashika shoka, akaupiga mlango mwenyewe. Mwaka 19 BK, chini ya mtawala Tiberius, makasisi wake walisulubiwa baada ya fedheha ya bibi mmoja wa tabaka la juu aliyehadaiwa hekaluni, na sanamu ikatupwa mtoni. Baadaye alikuwa amerudi, na mtawala Domitian alimjengea upya hekalu zuri Roma baada ya moto wa mwaka 80. Ukichagua Isis, chagua na mwaka.

Wewe ni nani?

Ukiwa mwenye nyumba, huna haja ya ushauri mrefu. Genius anayemwagiwa divai pale ukutani ni wako. Shika ya nyumbani kwa mikono miwili, hudhuria michezo ya Mama Mkuu kwa sababu za kijamii, na kama mkeo au biashara ya baharini inakuvuta kwa Isis, mwite mchoraji kwenye kona ya ua. Hakuna atakayekuuliza.

Ukiwa mwanamke aliyeolewa, ya nyumbani itakutaka kazi zaidi ya itakavyokupa sauti. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anamshauri bibi harusi aabudu miungu wa mumewe tu na kuwafungia mlango wageni. Ushauri wa namna hiyo hautolewi pale ambapo mlango tayari umefungwa. Mithras futa kabisa. Isis ndiye ningekuelekeza, na si kwa sababu ya mbinguni peke yake. Zile siku kumi za kujitenga zilikuwa pia siku kumi za kulala peke yako kwa ruhusa ya mungu. Propertius alinung'unika katika mashairi yake kwamba Isis anawatenganisha wapenzi, na nadhani Cynthia, mpenzi wake, alikuwa akitabasamu chumbani.

Ukiwa umeachwa huru na una fedha, tazama jiwe la Celsinus. Hakuna uwekezaji mwingine mjini wenye faida ile kwa mtoto wako. Kama fedha ni chache, kuwa msimamizi wa Lares wa njia panda: utatembea na walinzi wawili siku ya sikukuu, na jina lako litachongwa kwenye marumaru ya mtaa.

Mtumwa ana shida zaidi. Utainama mbele ya Genius wa mtu aliyekununua, na miungu wa kwenu hawana kidaka. Wakubwa walijua hilo, na halikuwapa usingizi. Mwaka 61 BK, seneta Gaius Cassius alipotetea kuuawa kwa watumwa 400 kwa kosa la mmoja aliyemuua bwana wao, Pedanius Secundus, alilalamika kwamba siku hizi majumba yamejaa mataifa yenye desturi tofauti, ibada za kigeni, au pasipo ibada kabisa. Waliuawa. Kwa hiyo ukienda kwa Isis alfajiri, nenda kwa ruhusa, rudi kabla moto wa jikoni haujazimika, na usitaje hekaluni mambo ya nyumba.

Na kama wewe umezaliwa umechelewa, unasoma ulinganisho huu baada ya tarehe 8 Novemba mwaka 392, sahau yote niliyosema juu ya usalama wa jikoni. Sheria ya mtawala Theodosius ya siku hiyo haikuishia kwenye mahekalu. Iliingia hadi kidakani: marufuku kumheshimu Lar kwa moto, Genius kwa divai, Penates kwa harufu nzuri, marufuku kuwasha taa, kufukiza ubani, kutundika mashada. Na mahali patakapothibitika kufuka moshi wa ubani, pakiwa mali ya mfukizaji, patachukuliwa na hazina ya serikali. Tafuta chokaa, wapake wale vijana wawili wanaocheza, na ukutani pawe peupe kabla jirani hajapita.